Dole Gumba

Karatasi ilifika Kibirizi saa nne asubuhi,
dagaa wakiwa chanjani wamelalia ubavu mmoja,
hatujawageuza.
Aliileta Mwalimu Ruhomvya, anayefundisha Jiografia
kwa ramani iliyochanika katikati ya bahari.
Akasema: ipo nchi, mbali, ina mabomu ya nyuklia.
Yamezeeka. Serikali yake inataka kuyahuisha.
Wananchi wake wamekataa,
wamejaa barabarani na makoti yao, mvua inawapiga,
na wanaomba majina, popote yalipo.

Nikamshika neno. Kuyahuisha?
Mimi nahuisha leseni ya chanja kila mwaka pale kata.
Marehemu mama alimhuisha mtoto wa kina Bulimbwe
aliyezaliwa kimya,
akampulizia puani mpaka akalia.
Kuhuisha ni kutia uhai, Mwalimu.
Unautiaje uhai kitu
ambacho kazi yake ni sisi kuisha?
Akakuna kidevu.
Akasema ndivyo redio ilivyosema.

Kabwe dalali alicheka hadi kofia ikadondoka.
"Sahihi ya mwanika dagaa itamtisha nani?
Hao wakubwa hata Kigoma hawaijui."
Kweli, hawaijui.
Lakini mwezi wa nane milima ya Kongo hutupotea machoni,
moshi wa mashamba wasiyotuuliza kuyachoma
unatuingia kooni bila pasi ya kusafiria,
na wewe Kabwe ndiye wa kwanza kukohoa.

Bei ya bomu moja nilijaribu kuipiga kwa visado vya dagaa.
Vidole viliisha, nikaazima vya Mama Sifa,
tukaacha.

Kisha Mwalimu akatusimulia mji wa Japani.
Saa mbili na robo asubuhi, alisema,
watoto wako njiani, chai iko mezani,
mwanga ukawaka juu, mweupe kuliko jua,
na walioinua nyuso kuutazama...
Nikamwambia inatosha.
Mwanga huo naujua mdogo wake.
Kaka zangu huvua mwezi ukishakufa:
huwasha taa juu ya maji meusi,
dagaa hupanda kwa maelfu
wakidhani kumekucha.
Miaka ishirini na sita naanika
waliodhani kumekucha.
Niligeuka nikaitazama chanja.
Hakuna hata mmoja aliyefumba macho.

Karatasi ilikuwa na safu nne:
jina, anwani, taifa, sahihi.
Mama Sifa alivuka kutoka Fizi na sufuria moja
na watoto wawili, mmoja si wake.
Anwani? Andika chanja ya tatu.
Taifa?
Akanyamaza, akachambua dagaa mmoja, akamtupa kunguru.
"Babu yangu alichimba mawe Katanga, ya wazungu.
Mazito, alisema, jiwe la kiganja linamchosha mtu.
Hakuambiwa yanakwenda kupika nini.
Hapo kwenye taifa, Mwalimu, andika: nipo."
Mwalimu akasita, kalamu hewani,
kama mtu anayesahihisha mtihani
na jibu si lile la kitabuni
ila haliwezi kupigwa mkasi.
Akaandika.

Mimi kusoma najua, kuandika jina langu najua,
lakini nilitaka dole gumba.
Jina wanaweza kusema limebuniwa.
Dole langu lina kovu la mwiba wa sangala,
hakuna serikali yenye jingine.
Wino ukachanganyika na chumvi,
na gamba moja la samaki likaganda pembeni ya karatasi,
linang'aa.
Mwalimu akataka kulikwangua.
Nikasema liache,
nao wana haki ya kuwemo.

Aliomba mchango wa stempu. Nikampa elfu mbili.
Kabwe akaokota kofia, akauliza bei,
akapunguza, tukabishana, akanunua.
Hakusaini. Ila aliisoma karatasi yote,
midomo ikicheza,
mara mbili.

Jua likawa limepanda.
Tukainama, tukawageuza.